Kufikisha Hoja Serikalini: Somo kwa Waseminari na Waamini wa Parokia



Katika vikao vya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, baada ya Injili kusomwa na tafakari kutolewa, hufika wakati wa mengineyo. Hapo ndipo watu husema yaliyo moyoni. Boma la zahanati tulilolijenga kwa nguvu zetu limefika lenta, sasa ni mwaka wa nne na nyasi zimeota ndani. Pampu ya kisima imekufa. Korongo limekata barabara ya kwenda mnadani. Mama mjamzito akishikwa uchungu usiku wa masika anapakiwa kwenye bodaboda, na wote tunajua safari hiyo inavyoweza kuishia. Tunasikitika, tunasema jambo hili tuliweke katika sala, tunafunga kwa Baba Yetu na kutawanyika.

Sala ni ya kwanza na ni ya lazima. Lakini tukiri kwamba mara nyingi tumeishia hapo, na sisi tunaowaongoza wengine tumewazoesha kuishia hapo. Somo hili linauliza swali linalofuata: baada ya sala, nani analipeleka jambo lile kwa wahusika, kwa njia ipi, na lini? Tutaanza na Maandiko na mafundisho ya Kanisa, tutapita katika sheria na ngazi za serikali yetu, kisha tutaziangalia hatua zenyewe. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana katika jumuiya au darasani.

1. Mabinti watano mbele ya Musa

Tufungue kitabu cha Hesabu, sura ya 27, aya ya 1 hadi 11. Selofehadi wa kabila la Manase alifia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Aliacha mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Kwa desturi ya wakati ule jina la baba yao lingefutika na wao wasingepata ardhi. Mabinti hawa hawakubaki hemani wakilia. Walikwenda hadi mlangoni pa Hema la Mkutano, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, viongozi na jumuiya yote, wakaeleza shida yao. Musa akaipeleka kwa Mungu, na Mungu akajibu kwamba mabinti wale wamesema haki. Wakapewa urithi, na uamuzi ule ukawa sheria kwa Israeli yote.

Tuangalie walivyofanya, maana karibu kila kitu tutakachokisema katika somo hili kimo humo. Walikwenda pamoja, si mmoja mmoja. Walikwenda mahali panapostahili na kwa mtu mwenye mamlaka. Walisema mbele ya watu wote, si kwa kunong'ona. Walitaja ukweli wa mambo: baba yao hakuwa katika uasi wa Kora, hivyo hakukuwa na sababu ya jina lake kufutwa. Kisha waliomba jambo moja lililo wazi: wapewe ardhi miongoni mwa ndugu za baba yao.

Sura ya 36 ina mwendelezo ambao wengi hatuusomi. Viongozi wa ukoo nao walikuja kwa Musa na wasiwasi wao: mabinti wakiolewa nje ya kabila, ardhi itahama. Musa akasikiliza tena, na sheria ikarekebishwa ili haki ya mabinti ibaki na ardhi ya kabila isipotee. Hapa tunajifunza kwamba hoja yetu nzuri inaweza kumgusa jirani, naye ana haki ya kusikilizwa. Mwenye kutafuta haki ya kweli haogopi mwenzake kupewa nafasi ya kusema.

Katika Injili ya Luka 18:1-8 tunamwona mjane anayemrudia kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu, mpaka kadhi anatoa haki kwa sababu amechoka kusumbuliwa. Yesu aliutoa mfano huu kutufundisha kusali bila kukata tamaa, lakini aliuchukua kutoka katika maisha ambayo wasikilizaji wake waliyajua vizuri: mnyonge asiye na fedha wala jamaa mkubwa anabaki na silaha moja, nayo ni kurudi tena.

Matendo ya Mitume 6:1-6 inatupatia upande wa kiongozi. Manung'uniko yalitokea kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaita walalamikaji wachochezi. Waliita mkutano, wakakubali kwamba kuna tatizo, wakaomba wachaguliwe watu saba wa kulishughulikia. Ninyi waseminari mtakaokuwa wachungaji kesho, shikeni mfano huu.

2. Kanisa linafundisha nini

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 75, unawataka raia wote wakumbuke haki na wajibu wao wa kushiriki katika mambo ya umma kwa ajili ya mafao ya wengi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1913 hadi 1915, inafundisha kwamba kushiriki ni wajibu unaotokana na utu wenyewe wa binadamu. Kwa hiyo mwamini anayekwenda kwenye mkutano wa kijiji hafanyi jambo lililo nje ya imani yake.

Kuna pia kanuni ya auni, iliyoelezwa na Papa Pio XI mwaka 1931 katika waraka wa Quadragesimo Anno. Kwa kifupi, jambo linaloweza kufanywa vizuri na ngazi ya chini lisinyakuliwe na ngazi ya juu, na ngazi ya juu isaidie pale ya chini inapozidiwa. Wanakijiji wamechimba msingi, wamefyatua tofali, wamepandisha boma. Bati, vifaa na mganga ni mzigo unaowazidi. Kuiomba Serikali ibebe sehemu yake hapo si kuombaomba. Ni auni.

Kwa mapadre mpaka umewekwa wazi. Sheria ya Kanisa, kanoni ya 285 na 287, inawakataza wakleri kushika vyeo vya umma vyenye mamlaka ya kiserikali na kushiriki kwa vitendo katika vyama vya siasa. Padre hamnadi mgombea wala havai sare ya chama. Lakini kulifundisha taifa la Mungu haki na wajibu wake, na kuwa karibu na wanaodhulumiwa, ni sehemu ya uchungaji wake. Kazi ya kuingia katika vikao na kubeba hoja ni ya walei kwa wito wao. Padre anawaandaa na kuwasindikiza, hawasemei.

3. Sheria ya nchi inatupa nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 8, inaeleza kwamba mamlaka yote ya Serikali yanatoka kwa wananchi. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa maoni na kupata taarifa, ibara ya 20 uhuru wa kukutana, na ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na taifa lake. Ibara ya 145 na 146 zinaanzisha serikali za mitaa kwa lengo la kuwapa wananchi madaraka.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 ndiyo inayopanga ngazi hizo. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: mwananchi akiomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Wengi wetu hatujawahi kuitumia. Tunaambiwa fedha hazijaja, tunaamini, tunaondoka, wala hatuulizi kwa barua zilipangwa kiasi gani na zilipokelewa lini.

4. Ngazi kutoka kitongoji hadi Bunge

Mkoa wetu wa Singida una wilaya tano: Singida, Iramba, Manyoni, Ikungi na Mkalama. Una halmashauri saba: Manispaa ya Singida na Halmashauri za Wilaya za Singida, Iramba, Manyoni, Itigi, Ikungi na Mkalama. Popote tulipo katika mkoa, njia ya hoja ni ileile.

Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kisheria ndicho chombo cha juu kijijini: ndicho kinachochagua halmashauri ya kijiji na kinaweza kuwaondoa wajumbe wake. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo husomwa taarifa ya mapato na matumizi. Sheria ndogo za kijiji hupita hapa kabla ya kwenda kuthibitishwa wilayani, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano huu kuridhia. Mwamini anayesema hana pa kusemea, huku hajahudhuria mkutano wa kijiji kwa miaka mitatu, ajiulize kwanza mwenyewe.

Halmashauri ya Kijiji. Ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu. Hukutana kila mwezi. Hoja ya kitongoji hufika hapa kupitia mwenyekiti wa kitongoji.

Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Hapa hoja za vijiji hushindanishwa na kupangwa kwa vipaumbele. Kijiji ambacho mwenyekiti wake amefika bila muhtasari na bila takwimu hushindwa hapa, kabla jambo halijafika wilayani.

Baraza la Madiwani. Ndilo linalopitisha mpango na bajeti ya halmashauri. Mbunge naye ni mjumbe. Mkurugenzi Mtendaji ndiye katibu na mtendaji mkuu. Mikutano ya kawaida hufanyika kila robo mwaka, na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kazi kubwa hufanyika kwanza katika kamati za kudumu, kama ile ya fedha, uongozi na mipango, na ile inayoshughulikia elimu, afya na maji.

Bunge. Jambo linalohusu sheria, kodi au sera ya nchi nzima haliwezi kumalizwa na diwani. Linakwenda Dodoma kupitia mbunge, kwa swali au mchango wake, au kupitia kamati za Bunge ambazo hualika wadau kutoa maoni juu ya miswada.

Pamoja na ngazi hizi, ni lazima tujue nani anahusika na nini. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, wakati mjini Singida ni SUWASA. Barabara za vijijini na mitaani ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Zahanati, vituo vya afya na shule ni vya halmashauri. Kumwandikia mkurugenzi kuhusu barabara ya TANROADS ni kujichelewesha wenyewe.

5. Kalenda: kuna wakati wa kupanda

Mkulima wa alizeti anajua kwamba mbegu ikipandwa mvua zikiisha hakuna mavuno, hata iwe mbegu bora. Bajeti nayo ina msimu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Kwa kawaida Baraza la Madiwani hupitisha mapendekezo ya halmashauri mwanzoni mwa mwaka, na kabla ya hapo kata na vijiji huwa vimekwisha kuibua miradi yao.

Maana yake ni kwamba hoja ya zahanati inayoanza kusemwa mwezi Mei imekosa gari la mwaka huo. Itajibiwa kwa upole kwamba tutaiangalia mwakani. Hoja hiyo inatakiwa iwe katika muhtasari wa mkutano wa kijiji kati ya Septemba na Novemba, ipite kata, na diwani awe nayo mkononi kamati zitakapokaa.

6. Hatua zenyewe: kuona, kupima, kutenda

Njia hii ya hatua tatu tumeirithi kwa Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji, na Papa Yohane XXIII aliipendekeza mwaka 1961 katika waraka wa Mater et Magistra. Tuitumie kwa mfano wa boma letu la zahanati.

Kuona. Jumuiya iteue watu watatu au wanne wakusanye ukweli: kaya ngapi zinahusika, umbali hadi zahanati ya karibu ni kilomita ngapi, nauli ya bodaboda ni kiasi gani, wananchi wamechangia fedha na nguvu kazi kiasi gani, boma limefikia hatua gani. Wapige picha. Watafute mihutasari ya zamani ya kijiji. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hoja nayo ni hivyo hivyo. Msemo kwamba watu wanateseka sana haumsaidii diwani ndani ya kamati. Daftari lenye idadi ya kaya na kilomita linamsaidia.

Kupima. Tujiulize katika mwanga wa Injili na mafao ya wengi: hili ni hitaji la wote au la wachache wenye sauti? Wafugaji wa upande wa pili wanasemaje? Ndugu zetu Waislamu, Walutheri na Wapentekoste wameshirikishwa? Zahanati haina dhehebu. Hoja ya kijiji ikivaa rozari peke yake itaonekana ni ya Wakatoliki, na itakuwa dhaifu. Tupime pia sera inasemaje. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulioanza mwaka 2007, uliweka lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Kwa hiyo hatuombi upendeleo. Tunaikumbusha Serikali lengo lililokwisha kuwekwa.

Kutenda. Hoja iingizwe kwenye ajenda kwa kumwona mwenyekiti na mtendaji mapema, si kwa kunyoosha mkono dakika ya mwisho. Siku ya mkutano watu wahudhurie kwa wingi, asemeye awe mmoja au wawili, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Nakala ya muhtasari itunzwe. Kisha diwani aonwe na watu wachache wanaoheshimika: mzee mmoja, mama mmoja wa WAWATA, kijana mmoja wa VIWAWA, na mwakilishi wa msikiti au usharika jirani. Baada ya hapo iandikwe barua.

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Inaweza kuwa hivi:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ………
K.K. Mtendaji wa Kata ya ………
K.K. Mtendaji wa Kijiji cha ………

YAH: OMBI LA KUKAMILISHIWA BOMA LA ZAHANATI YA KIJIJI CHA ………

Sisi wananchi wa kijiji tajwa, katika Mkutano Mkuu uliofanyika tarehe ………, tuliazimia kuleta kwako ombi hili. Kijiji kina kaya ………, na zahanati ya karibu iko umbali wa kilomita ……… Tumejenga boma hadi kufikia lenta kwa michango yetu yenye thamani ya shilingi ……… Tunaomba ukamilishaji wake uingizwe katika bajeti ya mwaka wa fedha ……… Sisi tupo tayari kuchangia mchanga, mawe, maji na nguvu kazi. Tunaomba kupata majibu kwa maandishi. Tunaambatanisha muhtasari wa mkutano, orodha ya mahudhurio na picha za boma.

Nakala: Diwani wa Kata, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Wilaya, Mbunge.

Barua ipelekwe kwa mkono masjala, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ni mdogo, lakini ndio unaotuwezesha kurudi baada ya mwezi na kusema: barua yetu iko kwenu tangu tarehe fulani. Majibu yasipokuja, tunarudi. Hapo ndipo tunapoishi mfano wa yule mjane.

7. Je, inafanya kazi?

Wapo wanaosema ni kupoteza muda, wakubwa wameshaamua. Tusiwabeze, maana wamevunjwa moyo mara nyingi. Lakini mifano ipo.

Jirani zetu Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, mkoani Manyara, ambao ndugu zao wako hapa Mkalama, ni jamii ndogo sana. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipangiwa kutumia ardhi yao. Walipinga, wakapata watetezi ndani na nje ya nchi, na kampuni ikajiondoa. Hawakuishia katika kupinga. Waliendelea na taratibu za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mwaka 2011 wakapata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja. Kama mabinti wa Selofehadi, walirudi na ardhi iliyoandikwa.

Tarehe 15 Julai 2021 zilianza tozo za miamala ya simu, kiwango cha juu kikiwa shilingi 10,000 kwa muamala. Malalamiko yalikuwa mengi, kutoka kwa mama anayemtumia mwanafunzi nauli hadi kwa wafanyabiashara. Kufikia Septemba mwaka huohuo tozo zilipunguzwa kwa asilimia 30, na katika bajeti ya 2022/23 kiwango cha juu kikashushwa tena kutoka shilingi 7,000 hadi 4,000. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Dkt. Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi. Sheria iliyopitishwa na Bunge ilirekebishwa kwa sababu watu walisema.

Bei ya alizeti yetu nayo inaamuliwa kwa sehemu kubwa mbali na shamba. Katika bajeti ya 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa forodha wa mafuta ya kula kutoka nje, mafuta ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25 na yaliyosafishwa kutoka 25 hadi 35, ili kumlinda mkulima wa ndani. Baadaye, bei ya mafuta dukani ilipopanda mno, unafuu ulitolewa kwa mafuta ya nje. Mlaji akapumua, mkulima wa Singida akaumia. Hapa pana haki mbili zinazokutana, kama katika Hesabu 36. Mkulima asiye katika ushirika wala kikundi, asiyemwona mbunge wake kabla ya Aprili, anaachia wengine waseme juu ya jasho lake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Iko pia njia ya mahakama. Rebeca Gyumi alifungua shauri kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aliye chini ya miaka 18 kuolewa. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha mwaka 2019. Njia hii ni ndefu na ina gharama, lakini ipo, na ibara ya 26 ya Katiba inamruhusu kila mtu kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba.

8. Tahadhari

Tusichanganye ushawishi na rushwa. Ushawishi hutumia ukweli, idadi ya watu na sababu, na hufanyika mchana. Rushwa hutumia bahasha. Anayetoa soda ili barua yake isogezwe amemdhulumu mwenye barua aliyeko chini yake, na ametenda dhambi pamoja na kosa la jinai. Tukiombwa rushwa, TAKUKURU wapo.

Tusimtuhumu mtu bila ushahidi, hasa katika makundi ya simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na amri ya nane ya Mungu ilikuwepo kabla yake. Kama fedha za mradi zina mashaka, tuombe taarifa kwa maandishi, na tusome ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwekwa wazi kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni.

Tukitaka kufanya mkutano wa hadhara au maandamano, sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni chombo cha kisheria na una utaratibu wake.

Tusiruhusu hoja ya kijiji iwe mali ya chama. Leo diwani ni wa chama hiki, kesho ni wa kile. Mama mwenye uchungu ni yuleyule.

Na juu ya hofu. Wapo wanaonyamaza kwa sababu wanaogopa kuitwa wapinzani au kunyimwa huduma. Hofu hiyo tusiicheke. Dawa yake ni ile ya mabinti watano: kwenda pamoja, kusema hadharani, kwa heshima na kwa ukweli. Mtu mmoja ni rahisi kutishwa. Kijiji chenye muhtasari uliosainiwa ni vigumu.

Mwisho, hoja ikikubaliwa, kazi haijaisha. Tufuatilie fedha zikija, tukae katika kamati ya ujenzi, tuhesabu mifuko ya saruji. Na siku zahanati itakapofunguliwa, tumshukuru mtendaji na diwani kwa barua, kama tulivyowaandikia tulipokuwa na shida. Viongozi wetu nao ni watu. Mara nyingi hupata barua za kulaumu tu.

Maswali ya kujadiliana

1. Soma Hesabu 27:1-11. Katika jumuiya yetu, nani leo wako katika hali ya mabinti wa Selofehadi?
2. Mkutano Mkuu wa mwisho wa kijiji au mtaa wetu ulifanyika lini? Wangapi kati yetu walihudhuria? Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa?
3. Taja hitaji moja la kijiji. Linahusu ofisi ipi: halmashauri, RUWASA, TARURA au nyingine?
4. Je, hitaji hilo limewahi kuandikwa katika muhtasari wowote? Nani anao?
5. Kwa waseminari: utatofautishaje kuwasindikiza waamini na kuwafanyia kazi yao?

Kazi ya mwezi: kila jumuiya ichague hitaji moja, iteue watu watatu wa kukusanya ukweli wake, na ilete daftari katika kikao kijacho. Tutaanza na sala, tutasoma daftari, kisha tutapanga nani anakwenda kumwona mwenyekiti wa kijiji, na siku gani.